Ndege ya Wanzagi Inasubiri Trekta

Saa moja asubuhi, umande haujakauka, Wanzagi Luhende amekaa kwenye kiti cha mbele cha ndege yake, ndani ya banda la pamba. Amefumba macho. Mkono umeshika usukani, midomo inanguruma taratibu.

Ukimuuliza yuko wapi, anajibu bila kufumbua. “Niko juu ya Bukima, kwetu. Mitumbwi naiona midogo kama maganda ya karanga.”

Fundi huyu wa kiwanda cha kuchambua pamba mjini Bunda, mwenye umri wa miaka 41, hajawahi kupanda ndege yoyote. Mwaka 1971 mwalimu mmoja wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao alimwachia makasha matatu kwa malipo ya maksai wawili. Ndani mlikuwa na vipande vya ndege ya viti viwili ya kujiundia nyumbani, pamoja na kitabu cha maelekezo. Ilimchukua miaka minne kuiunga, jioni kwa jioni.

Haina mabawa. Juu ina mapanga mawili marefu, na nyuma ilikuwa na injini ya kuisukuma.

“Injini haigusi mapanga ya juu,” anaeleza kwa fahari. “Yale yanazungushwaga na upepo.”

Maneno hayo ndiyo yaliyomponza. Mwezi uliopita kijiji chao cha ujamaa kilikutana kujadili mashine ya kusaga. Mawe yalikuwepo, injini hakuna, na akina mama walitembea maili sita na debe la mahindi kichwani. Wanzagi aliombwa aeleze chombo chake, akajigamba weee, mpaka akafika kwenye upepo.

Mwanamke mmoja akasimama. “Kama upepo ndio unazungushaga, injini ya nini? Tupeni sisi tusagie.”

Mikono ikainuka mkutano mzima, injini ikahamia kwenye mawe ya kusagia. Mwanamke huyo ni Nyamburi, mkewe.

“Kikulacho ki nguoni mwako,” anasema Wanzagi. “Siku mbili sikula ugali wake. Siku ya tatu nikala. Ulikuwa laini, nisiseme uongo.”

Nyamburi hajuti. “Miaka yote hiyo injini ilikuwaga shingo yangu.”

Kwa uchungu Wanzagi alirudi kwenye kitabu. Ukurasa wa mwisho, ambao hakuwahi kuufikia, unasema ndege hiyo inaweza kuvutwa kwa kamba, ikapanda kama tiara. Kamati imekubali kumpa trekta la kijiji pamba ikishavunwa na shamba likiwa wazi. Kamba ni ya futi mia moja. Bukima hatafika, lakini anadhani ziwa ataliona.

Kiti cha nyuma wanaume wote wamekikataa. Mmoja alisema ana ng'ombe wa kuchunga, siku yoyote watakayochagua.

Nyamburi anajifuta unga mikononi, anakitazama kiti hicho kwa muda.

“Baba Makongoro nilimnyang'anya injini mbele ya watu,” anasema, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao. “Basi na kupanda, nitapanda naye mbele ya watu hao hao.”