Rithi na Buti

Nyumbani kwetu Nguvumali, shemeji asiyetaniwa hudhani kachukiwa. Kwa hiyo tangu kaka alipomleta mkewe kutoka Pangani, wakati mimi bado nakojoa kitandani (habari hizi alizitangaza mama, siyo mimi), nilimwita mke wangu, naye akaniita mume wangu mdogo.

"Mke wangu, leo kuna nini?"

"Bada."

"Muhogo tena?"

"Mume gani wewe, hujawahi kuleta hata dagaa, kazi kuuliza! Kafute kamasi kwanza."

Kaka akiwa likizo alikaa kibarazani akipiga rangi buti zake za jeshi, akicheka chini chini. "Dogo, mchukue tu. Jioni utamrudisha mwenyewe. Huyo anakula."

Baba alikufa zamani, simkumbuki vizuri. Baba niliyemjua ni kaka. Ada yeye, bati la paa yeye, na siku ya jando ndiye aliyenishika miguu nisimpige ngariba teke. Jioni akirudi, bintiye alizisikia buti kwenye sementi ya ukumbini kabla hajamwona mtu, akatoka mbio kama kuku aliyeona mtama.

Mara ya mwisho tulimsindikiza stendi. Alikuwa anakwenda na wenzake Kongo, kulinda amani. Mama analia, shemeji analia na mtoto mgongoni, na ami, mdogo wake marehemu baba, anasoma dua ndefu hadi kondakta akaguna. Mie machozi ya watu yananiwasha. Nikasema, "Kaka, usiporudi, mke narithi mie."

"Astaghfirullah!" mama akaruka. "Ulimi huo, mwanangu, utakuja kukatwa!"

Kaka akanitazama miguu, kandambili zangu za bluu, vidole kama vya kifaranga. "Rithi," akasema. "Ila urithi na buti."

Tukacheka wote. Ami alicheka kuliko sote, kofia ikamwanguka.

Kaka alifia hukohuko. Alikuja ofisa mmoja kutueleza, akakalia kiti chetu cha plastiki, kofia yake juu ya goti. Alisema walivamiwa njiani, wakafa kadhaa, na kwamba kaka alikuwa shujaa. Mama aliuliza jambo moja tu: "Alikuwa amekula?" Ofisa hakujua.

Sanduku lilikuja limefungwa, bendera juu yake, na amri: msifungue. Sisi wafu wetu tunawazika kwa sanda, tunawalaza kwa ubavu wa kulia, uso kibla. Wazee wakabishana pale, jua la kichwa, mwisho likateremshwa lilivyo. Mama mpaka leo hajui mwanawe kalalia ubavu upi. Askari wakapiga risasi hewani, mbuzi wa mtaa mzima wakakimbia, na jirani yetu mmoja, mtu mzima mwenye ndevu, akapiga mbizi nyuma ya kaburi la watu. Nikageuka haraka nimwambie kaka.

Shemeji akakaa eda. Mimi si maharimu wake, kwa hiyo pazia la chumba cha kaka likashuka kati yetu, na sahani zikawa zinaingia na kutoka mikononi mwa mtoto. Nikamtupia mzaha mmoja kupitia pazia, sijui wa kuku gani yule. Ikatoka sahani tupu. Kumwita mke wangu sikuweza tena. Neno lile lile nililolisema kila siku, sasa likinifika kooni lanuka maiti.

Eda ilipokwisha, ami akaja. Akakaa mkekani, akanywa kahawa kwa raha zake, kisha akasema yaliyomleta.

"Mtoto yule ni damu yetu. Hawezi kwenda kulelewa Pangani na watu baki. Mamake akitaka kukaa naye, aolewe humu humu. Akikataa, aende zake, mtoto abaki."

"Aolewe na nani, shemeji?" mama akauliza.

Ami akanielekeza mimi kidevu. Mie kidato cha tatu, na sare nimevaa.

"Huyu?" Mama alitaka kucheka, ikashindikana.

"Nani kasema leo? Akimaliza shule. Lakini neno liwekwe sasa. Na kaka mtu alishalisema. Si sote tulikuwapo stendi? Kijana kaomba, marehemu kajibu: rithi. Wasia ule."

"Ami, ule ulikuwa utani!"

"Maneno ya mwisho ya mtu hayawi utani."

Nyuma ya pazia nilisikia bangili zikigonga ukuta. Nilijua yupo pale, kasimama na mtoto wake, anasikiliza akigawanywa. Nikamtazama mama. Mama anatazama kahawa.

Nikainuka, nikaenda hadi kwenye pazia.

"Shemeji," nikasema, "naomba buti."

Halafu pazia likainuka kidogo chini, zikasukumwa nje buti za zamani za kaka, zile alizoziacha uvunguni. Bado zinang'aa.

"Wasia tuutimize wote, ami. Alisema nirithi na buti."

Nikazivaa mbele yake. Miguu ikapotea mle ndani. Nikapiga saluti, nikaanza kwata ukumbini, kwa, kwa, kwa, nikijua hatua ya tatu au ya nne buti moja itabaki nyuma, na ami ataona wasia unavyonipwaya, na pengine atacheka kama alivyocheka stendi.

"Baba!"

Mtoto alitoka mbio chini ya pazia, mikono juu. Akafika kwenye buti, akazikumbatia. Kisha akainua uso, akaniona.

Hakulia. Aliziachia buti, akarudi alikotoka, taratibu. Mama ndiye aliyelia, kwa sauti ambayo hata siku ya sanduku hakuitoa.

Ami akaitafuta kofia yake, na ilikuwa kichwani.

"Mtoto ataondoka na mamake," mama akasema. Ami akainuka mkekani, akaenda zake.

Nilibeba begi lao hadi kwenye basi la Pangani. Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, nimeutunga njia nzima tangu tulipopita Usagara, nikaumeza.

"Haya, shemeji," akaniambia dirishani. "Usome."

Shemeji. Hajawahi kuniita hivyo tangu aje kwetu.

Mtoto alikuwa mapajani mwake. Nikampungia mkono. Yeye alichungulia dirishani, akatazama chini kwanza, miguuni kwangu. Nilikuwa nimevaa kandambili. Hakuinua uso.