Swali Tuliloogopa Kulitamka

Huu ni mwaka wa tatu niko Same mjini kwa kazi ya ofisini, na kila Jumatano alasiri moyo wangu hupanda milimani, Upare Kusini. Huko nilifundisha sekondari ya bweni. Kila Jumatano baada ya vipindi nilikutana na wanafunzi kumi na wawili, nikawafunza kumtambua mwenzao anayeonewa, kumsikiliza aliyekata tamaa, kisha kumfikisha kwa mtu mzima.

Nilikuwa na sababu yangu. Nikiwa kidato cha tatu, rafiki niliyekaa naye dawati moja alijiua. Wiki nzima kabla ya hapo alikuwa kimya, nami sikumwuliza kitu. Natamani hata leo nirudishiwe wiki ile moja tu.

Kwa hiyo niliwafundisha kuuliza wazi: "Unafikiria kujiua?" Mwanzoni walishindwa kulitamka swali hilo. Walitazamana, wakacheka kwa aibu. Mmoja akasema, "Mwalimu, si tutamtia wazo?"

"Hapana," nikamjibu. "Utampa nafasi ya kusema."

Kidato cha pili kulikuwa na binti wa wafugaji wa tambarare. Bwenini walimwigiza lafudhi, wakamfichia viatu, wakaziba pua akipita. Asubuhi moja ya ukungu na baridi kali, msichana wa kundi langu, mtoto wa wakulima wa tangawizi, alinifuata ofisi ya walimu.

"Shikamoo, mwalimu. Yule wa tambarare amegawa sweta lake. Na madaftari yote." Nilikuwa nimewafundisha kwamba anayegawa vitu vyake huenda anaaga.

"Marahaba. Umemwuliza lile swali?"

"Nimemwuliza. Amesema ndiyo. Nimekuja naye, yuko hapo mlangoni. Sikutaka kumwacha peke yake."

Nilitoka, nikamshika yule binti mkono, akalia sana. Tulikaa naye zamu kwa zamu mpaka mama yake alipofika, tukampeleka hospitali. Waliomwonea waliitwa pamoja na wazazi wao. Muhula uliofuata alirudi, na wawili kati yao walimwomba radhi. Akamaliza kidato cha nne.

Mwezi uliopita nilikutana naye stendi, akienda chuo cha ualimu. Aliniambia yule mwenzake aliyemleta kwangu yuko Dodoma, na bado hupigiana simu. Nilikuwa na mengi ya kumwuliza, lakini kondakta alishaanza kuita abiria. Alikaa dirishani, akanipungia mkono mpaka basi likapotea barabara kuu. Nilibaki nimesimama pale, sina haraka ya kurudi ofisini.