Tulivyovifukiza udi vitambaa vya msanii wa Ukraine hapa Muscat

Wakuu, salaam kutoka Muscat. Leo Ijumaa, jua limekasirika, mtaa mzima wa Darsait umelala, na mimi nimeona nikae nilitoe hili maana limenikaa kifuani tangu mgeni wetu aondoke. Sitapamba wala sitapunguza. Nilikuwepo.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi wa kutundika maonyesho. Picha, vitambaa, taa, chochote kinachotakiwa kuning'inia bila kumwangukia mtu. Mtoto wa Makete huyu, kwenye baridi na viazi, nimekuja kuishia nchi ambayo ukifungua bomba la maji baridi mchana unaungua.

Nyumba ya maonyesho ninayofanyia kazi ilipata ugeni. Kuna mfuko huko Ulaya unaofadhili kazi za sanaa ambazo msanii wa Ukraine kazitengeneza pamoja na msanii wa nchi nyingine ya Ulaya, ili zizungushwe dunia izione. Wanalipia usafiri, bima, mafundi, mpaka glovu. Kazi moja ikapata ufadhili huo, na kituo cha kwanza kikawa kwetu. Baada ya hapo ilikuwa iende miji mingine miwili.

Waliotengeneza ni wanawake wawili. Oksana ni Muukraine, mrefu, mpole, anaongea taratibu kama kuna mtoto kalala chumba cha pili. Mwenzake ni Hanne, Mbelgiji. Huyo hakuja, tulimsikia kwenye simu tu.

Na mkuu wa nyumba yetu ni Bi Zuwena. Ni Mwomani, familia yao ilitoka Unguja yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Kwake kila mtu ni "mwanangu", hata dereva wetu ambaye kamzidi umri.

Makasha yalifika kabla ya Oksana. Tukayachukua stoo kule Rusayl, tukayafungua mimi na Bi Zuwena. Ndani mashuka makubwa ya kitani, meupe yaliyoanza kugeuka rangi, yamekunjwa kwa adabu. Juu yake karatasi ya maelekezo: msifue, msipige pasi, vaeni glovu.

Nikavaa glovu, nikainua shuka la kwanza.

Wakuu, harufu iliyotoka pale siisahau. Udongo wenye unyevu, viazi, nta, moshi wa mbali. Kwa muda mfupi sikuwa Oman kabisa. Nilikuwa kwenye ghala la mama, nimetumwa viazi vya jioni, miguu ina baridi. Nikabaki nimezubaa na shuka mkononi.

Kisha akili ya kazi ikarudi. Nikasema haya yamepata unyevu melini.

Bi Zuwena uso ulimshuka. Si hasira, ile aibu ya mwenyeji. Akaniambia, "Nguo za mgeni zikae na harufu hii nyumbani kwangu? Hapana, mwanangu. Nnajua la kufanya."

Hapa niwaeleze wenzangu wa bara. Huku, kama ilivyo Unguja, nguo ya heshima haivaliwi hivi hivi. Unaweka makaa kwenye chetezo, unatia udi, unasimamisha juu yake kitenga cha miti, nguo unaitandaza hapo inywe moshi. Mgeni naye akikaribia kuondoka anapitishiwa chetezo. Kukufukizia ndiyo kukwambia umefika kwa watu.

Karatasi ilikataza kufua na pasi. Habari za udi haikuzigusa, na aliyeiandika huko Ubelgiji angejuaje?

Bi Zuwena akaleta udi wake mwenyewe kutoka nyumbani Al Hail, ule wa Idi na harusi. Mimi nikawa napuliza makaa. Tulifukiza shuka moja baada ya jingine mchana mzima, glovu mikononi. Moshi ulipanda polepole kwenye mwanga wa dirisha na mashuka yakavimba kidogo kwa lile joto. Sijawahi kufanya kazi tamu vile, nilikuwa kama naota nimesimama.

Oksana alipofika nilikuwa nimeshayatundika yote, yanapumua na upepo wa AC. Bi Zuwena alimshika mkono akamwingiza ukumbini, uso unang'aa, anasubiri kushukuriwa.

Oksana akapita katikati ya mashuka. Akasimama. Akashika moja akalipeleka puani. Akaenda la pili, la tatu. Halafu akakaa chini sakafuni, mkoba bado uko begani.

Ndipo alipotuambia. Ile harufu ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Kijijini kwa bibi yake kila nyumba ina chumba chini ya ardhi, wanahifadhi viazi na matufaha kwa ajili ya baridi. Vita ilipofika watu wakawa wanaishi humo, na mishumaa yao. Mashuka yale yalikuwa humo pamoja nao. Hanne ni mtengeneza manukato, yeye ndiye aliyejua namna ya kuifanya harufu ikae kwenye kitani isiruke. Kwa makusudi hawakuiandika popote. Walitaka mtu aingie, anuse, ndipo ajiulize yuko wapi.

Bibi keshafariki. Nyumba haipo tena.

Bi Zuwena alitoka, na nilipomfuata nilimkuta jikoni kageukia ukuta. Nilimwonea huruma mpaka nikajifanya nimefuata maji.

Sasa sikilizeni ubaya ulipokuwa. Masharti ya ufadhili yalisema kazi ionyeshwe kama ilivyoidhinishwa. Ikibadilika, wasanii wote wawili waridhie kwa maandishi na mfuko nao ukubali. Bila hivyo ziara inafia Muscat.

Hanne kwenye simu akasema hawezi kuweka sahihi kwenye kazi iliyoharibika, ila njia ipo. Oksana anayo chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, ndani kuna kitambaa cha kichwa cha bibi yake kilichotoka chumba kile kile. Kipelekwe Ubelgiji, yeye ataivuta ile harufu, airudishe kwenye mashuka.

Tatizo ni kwamba kitambaa kitalowekwa kwenye spiriti. Kikitoka humo kitakuwa kitambaa tu.

Kumbe chupa anatembea nayo kwenye mkoba. Hajaifungua tangu aifunge. Mchana ule akaiweka mezani akawa anaitazama, na mashuka yanatikisika nyuma yake. Mimi nipo juu ya ngazi na taa zangu, naogopa hata kuangusha bisibisi.

Bi Zuwena akaja na chupa ya chai, akaketi mbele yake. Alisema naye kwa Kiingereza cha shule, lakini mimi nawaandikia kama ambavyo angeyasema kwa Kiswahili cha kwao.

"Mama yangu alitoka Unguja na kanga ya mamake ndani ya sanduku," alisema. "Alipofariki nkaachiwa mie. Kila nikimkumbuka nafungua, nanusa, nafunga. Nkaimaliza mwenyewe kwa kuipenda. Sasa ni kanga tu. Usiifungue chupa yako kwa kosa langu. Bora ziara ife."

Oksana alikunywa chai. Baadaye akachukua simu akampigia Hanne kwa spika, akamwambia chupa haitoki.

Nilijua ndiyo mwisho, nikaanza kuwaza kuyashusha mashuka.

Lakini Hanne hakukata simu. Aliuliza swali moja la mtu wa fani yake: sasa hivi hapo kunanukaje?

Oksana akafumba macho, akaanza kutembea. Simu mkono huu, mwingine unapapasa kitani, anasema anachokutana nacho. Kwanza udi. Anasogea, bado udi. Akafika shuka la ndani kabisa akasema, subiri, nta ipo. Akainama kwenye pindo, udongo upo, viazi vipo. Havikuondoka, vimekaa chini ya udi. Akafika kona moja akasema hapa moshi wa kuni umekutana na moshi wa udi na siwezi kukuambia upi ni upi.

Alitembea vile kwa muda mrefu sana.

Mwisho Hanne akasema kitu hicho yeye hawezi kukitengeneza. Akasema atasaini.

Wakaandika barua kwa mfuko wakaeleza kila kitu, bila kumtupia lawama Bi Zuwena. Tukafungua maonyesho huku tunasubiri jibu.

Na hapo ndipo nilipoona jambo. Walikuja kina mama wa Kiomani wenye asili ya Zanzibar, marika ya Bi Zuwena. Wakaingia kwenye mashuka wanatabasamu, maana mlangoni wamepokelewa na harufu ya kwao. Wakatembea, wakazidi kuingia ndani, hatua zikapungua. Mmoja akaniita akauliza, mwanangu, huku chini kuna nini? Nikamwambia ni chumba cha watu waliojificha. Akauliza, wametoka? Nikamwita Oksana. Walikaa chini pamoja mpaka adhana ya alasiri.

Jibu la mfuko lilikuja baada ya siku chache. Ziara iendelee, mashuka yaende yalivyo, ila kila mji yatakapofika, ukutani paandikwe yaliyotokea Muscat. Bi Zuwena alisoma, akavua miwani, akaenda kuswali.

Nilidhani imeishia hapo. Siku ya kufunga makasha nimebaki na shuka la mwisho mikononi, Oksana akaitoa chupa kwenye mkoba. Akamwita Bi Zuwena waketi dirishani.

Akakamata mfuniko akauzungusha.

Bi Zuwena alitaka kumzuia, mkono ukaishia njiani. Ile chupa iliyogoma kufunguka kwa ajili ya ufadhili, kwa ajili ya miji miwili, ikafunguliwa kwa ajili ya mtu aliyeiharibu kazi. Oksana akamsogezea yeye kwanza.

Bi Zuwena alinusa. Machozi yakamtoka bila sauti. Akasema kwa Kiswahili, Kiingereza kilikuwa kimemkimbia: "Kuna moshi wa kuni. Na kuna mtu."

Oksana akanigeukia, kasemaje? Nikamtafsiria.

Akasema, "Ndiyo. Huyo ndiye bibi." Akanusa na yeye, mara moja, akafunga.

Wakuu, nilichojifunza mimi ni kwamba ukarimu wetu tunautoa kwa mikono miwili bila kumuuliza mgeni kabeba nini. Siku hizi nauliza. Lakini sitawadanganya, udi ule sijaujutia.

Jioni ile nilimpigia mama Makete, nikamwomba akipata mtu wa kuja huku anitumie gunia tupu la viazi, lisikung'utwe. Akaniuliza gunia tupu Uarabuni la nini, kama kazi imeisha nirudi nyumbani nilime. Nikamwambia wewe tuma tu.

Nimesema yangu. Nanyi mlio mbali na kwenu, na hata mliobaki, niambieni hapo chini: kwenu kunanukaje? Andikeni kabla hamjasahau.