Ombi la Chanjo Lililokwama kwenye Seva

Juzi, nikiwa kwenye ofisi ya mtandao hapa Kasongo, muuguzi aliyetoka Kabambare kwa pikipiki aliingia na vumbi hadi kwenye nyusi.

"Dada, meseji yangu ya kuomba chanjo iko wapi? Watu wa bohari ya chanjo kule Kindu hawajaiona, na mutoto ameumwa na mbwa mwenye kichaa."

Msimamizi wa seva aliandika neno moja kwenye skrini nyeusi.

"Haijapotea, mama. Seva ya Kindu ilikuwa imezimika, kwa hiyo meseji yako iko hapa kwenye foleni ya kutumwa. Sasa imewaka, na seva yetu itajaribu tena baadaye."

"Baadaye? Isukume sasa!"

Akaisukuma, ikaondoka. Punde Kindu wakampigia muuguzi simu: chanjo inapakiwa leo.

"Kumbe iliwezekana?"

"Hakuna mutu aliyeniuliza."

Tangu hapo najiuliza ni maombi yetu mangapi tunayodhani yamekataliwa, kumbe yanangoja tu kusukumwa.