Gogo la Mwisho la Bi Ghania

"Funika tende zako, Thureya! Jana nimekwambia, juzi nimekwambia, leo nakwambia watu wote wakisikia!"

Ghania binti Mhana alikuwa amesimama uani, mkono kiunoni, analikemea paa la jirani yake. Juu kule mikeka ilikuwa imetandazwa mpaka ukingoni, tende zinakauka juani, na nyigu wamezijaa kama wamealikwa.

"Ninaanika tende tangu sijaolewa," Thureya akajibu, wala hakuinama kumtazama. "Nikizifunika zitakaukaje? Kwa dua?"

"Tandaza chandarua! Nyigu wanakula utamu kwako, kisha wanashuka kwangu kutafuta nyama. Na nyama yao ni nyuki wangu."

"Nyuki gani, Bi Ghania? Gogo moja! Tena nani ajuaye kama si hao hao wanaonichoma huku?"

Damu ikampanda Ghania. Angeweza kusamehe kutukaniwa mama yake, lakini si nyuki kuitwa nyigu.

"Una macho au una shanga? Nyuki ana manyoya, anarudi nyumbani na unga wa maua miguuni. Nyigu hana manyoya wala haya: mkubwa, mwekundu wa kahawia, mkanda wa manjano tumboni, kiuno kama kimebanwa na uzi. Nyuki akikuchoma anakuachia mwiba, anakufa. Nyigu anakuchoma, anafuta mdomo, anakuchoma tena."

"Basi huyo ni wa ukoo wenu."

Wanawake waliokuwa wakifua kwenye mfereji wa falaji wakacheka mpaka wakaacha nguo zichukuliwe na maji.

Ghania aliletwa kijiji hiki cha chini ya mlima wa Rustaki akiwa bibi harusi. Mumewe, Nabhani, alikuwa na magogo ya mtende yaliyotobolewa ndani, yamelazwa ukutani moja juu ya jingine, na kila gogo lina ukoo wake wa nyuki. Yeye ndiye aliyemfundisha kuwatambua, na kumwambia kwamba nyigu anayeuawa joto linapoanza ni mama, na kumwua huyo mmoja ni kuua kiota kizima. Ghania akaifanya kazi hiyo vizuri kuliko mwalimu wake. Kila mwaka hari ilipoingia alikaa mbele ya magogo na upepeo wa ukuti, anawapiga nyigu hewani mmoja mmoja huku akiwatukana kwa majina ya mawifi zake.

Nabhani akafa. Mvua zikakata, mikunazi ikakosa maua. Magogo yakafa moja baada ya jingine, likabaki hilo moja. Na juu ya hilo moja palikuwa na deni.

Deni lenyewe lilikuwa chupa ya asali. Binti yao wa pekee, Rahma, alijifungua mwaka ambao Nabhani alikuwa ameuza asali yote, na mzazi hawezi kukaa arobaini bila asali na samli. Ghania akaenda kwa Thureya, akakopa chupa ya asali ya mkunazi. Rahma alilamba vijiko viwili, homa ikampanda, ikamchukua. Mtoto akachukuliwa na watu wa baba yake. Asali iliyobaki waliilamba waliokuja matangani.

Asali ya mkunazi hulipwa kwa asali ya mkunazi, tena ya gogo lako mwenyewe, si ya kununua sokoni. Kila mwaka kukawa na sababu. Mwaka huu mikunazi ilikuwa imeanza kutoa vichipukizi vya maua, na Ghania alikuwa amekwishaosha chupa. Kitu alichokuwa akiomba ni gogo lifike mavuno tu.

Siku ya tatu baada ya ule ugomvi, aliweka sikio kwenye gogo, hakusikia kitu. Akafungua kizibo. Masega yapo, matupu. Hakuna mizoga. Nyuki walikuwa wamechoka kuvamiwa, wakahama.

Hakupiga kelele. Alizunguka kijiji kizima akitazama matawi ya midimu, mashina, mapango ya wadi, lile bonde kavu, hakuwaona. Thureya, aliyezoea kutukanwa kila asubuhi, kimya hicho kikamtisha. Akaziondoa tende zote paani, akaziingiza ndani. Kisha akaanza kutafuta kiota cha nyigu.

Kijijini pale kila mtu anajua nyigu wanaishi wapi: kwenye kuta za nyumba za kale za udongo, zile zilizohamwa. Thureya akaona tundu kwenye ukuta mmoja, wadudu wanaingia na kutoka. Alfajiri, baridi ikiwa bado imewafungia ndani, akamimina mafuta ya taa, akaziba tundu kwa udongo. Akaenda kwa Ghania na birika la kahawa, uso unang'aa.

"Bi Ghania, nimewamaliza. Wote! Njoo uone."

Ghania akamfuata. Alipofika ukutani hakutazama tundu, alitazama chini yake. Nyigu akichimba hutupa udongo nje, punje punje kama dengu. Pale chini palikuwa safi.

"Thureya," akasema polepole, "hapa hakuna udongo."

"Udongo gani?"

Ghania akabandua kizibo kwa kucha. Wakaporomoka mkononi mwake, wadogo, wenye manyoya, wamelowa mafuta, na baadhi yao bado na unga wa manjano miguuni. Ndani kulikuwa na kipande cha sega kipya, cheupe, hakijazidi kiganja.

Thureya akakaa chini mavumbini, birika na yeye. "Nilitaka ufurahi," akasema. "Wallahi dada yangu, nilitaka ufurahi."

"Najua."

"Nitukane."

"Nguvu sina."

Thureya akalia, akajifuta kwa ncha ya shela. "Ile chupa nimekusamehe. Mbele ya Mungu, sitakudai tena, duniani wala akhera."

Ghania akawatazama nyuki waliomjaa kiganjani. Kila mwaka mikunazi ikichanua, Thureya alichungulia ukutani na kumwuliza, "Asali ya Rahma lini?" Na kila mwaka Ghania alimjibu maneno ambayo hayaandikiki. Wengine wote waliacha zamani kulitaja jina hilo. Hata mtoto aliyemzaa, anayemwita mama ni mke mwingine wa baba yake.

"Kwa hiyo mwakani hutaniuliza?"

"Sitakuuliza, dada. Limekwisha."

Ghania akawalaza nyuki chini ya ukuta, akawafunika udongo kwa mguu.

"Haya," akasema. "Nimepokea."