Posa kwa Waganda wa Golden Valley

Sogea karibu, msikilizaji wangu, nikusimulie polepole. Safari hii ina mahali pa kucheka na mahali pa kunyamaza, na mimi nilipachanganya.

Nilitoka Bukoba kwa ajili ya posa. Deo, mtoto wa marehemu kaka yangu, alikuwa akifanya kazi kwenye ghala moja huko Eagan, pembeni mwa Minneapolis, akampenda Nansubuga, binti wa Kiganda anayesomea uuguzi. Baba wa binti, Mzee Ssemakula, alisema hamtoi mwanawe kwa kijana asiye na mkubwa. Mkubwa aliyebaki ni mimi. Shule ninayofundisha ilipofungwa kwa Pasaka nikapanda ndege, nimevaa koti la kuazima, na mkobani nina akamwani, zile buni zetu zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo Mhaya humpa mgeni atafune kabla ya mazungumzo.

Kwenye uwanja wa ndege wa Minneapolis, afisa wa forodha alizinusa buni akauliza ni dawa ya nini. Nikamjibu kwamba ni za kuombea mchumba. Akaniangalia mvi, akanitakia heri.

Barabarani theluji ilikuwa ikianguka, nzito na yenye maji. Deo aliendesha kwa mkono mmoja, wa pili akinifunga skafu kama mtoto wa chekechea. Akaniomba jambo moja tu. "Ba'mdogo, vile vita vya nchi yetu na yao usiviguse. Nyumba ya akina Nansubuga huko Masaka ilipigwa na mizinga yetu."

Nilimweleza kwa upole, maana kueleza ndiyo kazi yangu, kwamba kwetu makabila yaliyopigana zamani ndiyo yanayotaniana leo. Mtani wako anaweza kuja msibani akadai marehemu anajisingizia kufa, na wafiwa wakacheka. Kama makabila yameweza, nikasema, mataifa yatashindwaje? Nadhani ni Mtanzania tu anayeweza kuingia nyumba ya watu na mawazo kama hayo.

Golden Valley, kwa akina Nansubuga, jioni ile ile, tulipokelewa vizuri sana. Nansubuga alipiga magoti kutusalimu. Mdogo wake niliyemsalimia kwa Kiswahili alielewa kila neno, akanijibu kwa Kiingereza, akarudi kwenye televisheni. Mzee Ssemakula, mrefu, mpole, Kiswahili chake cha miaka aliyokaa Nairobi, alipokea buni kwa mikono miwili. Akauliza tumekuja na neno gani. Nikasimama, nikakohoa kidogo.

"Tumekuja kuchukua binti," nikasema. "Mkimkatalia, basi turudishieni ng'ombe wetu mliowaswaga mlipotuvamia."

Hakuna aliyecheka. Mama wa binti alinyanyuka akaenda jikoni. Mzee alinikaribisha chai kwa adabu nyingi, akasema neno letu wamelisikia, watalifikiria. Ndani ya gari Deo alishika usukani kwa mikono miwili mpaka Eagan. Pale mlangoni aliniambia tu kwamba Nansubuga hataolewa bila radhi ya baba yake. Nililala nikijua nimevuka bahari kuja kumharibia mtoto wa kaka yangu ndoa.

Asubuhi, Mzee Ssemakula alipiga simu akaomba nije nimsaidie kazi. Niliona ni adhabu, nikaenda. Alinipa reki yenye mpini mrefu ajabu. Kule theluji mbichi ikilundikana juu ya nyumba, wenyewe huikwangua kutoka chini kabla haijaelemea paa. Tukakwangua, ikatuangukia shingoni. Majirani, nilivyoona, mapaa yao walikuwa hawajayagusa.

"Ng'ombe wa baba yako mliwapata?" akauliza.

"Hata mkia."

Akaendelea kuvuta reki. Alinieleza kwamba siku waliposikia redioni majeshi yetu yanakuja kumwondoa dikteta aliyewatawala, alicheza na mkewe jikoni. Kesho yake mzinga ukang'oa paa la bati alilolipigania miaka.

"Ukafanyaje?"

"Niliendelea kufurahi," akasema. "Ila ilinibidi nifurahie nje. Ndani kulikuwa kunanyesha."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Nikamweleza habari za bibi yangu, mzaliwa wa Rakai, upande wao, aliyeolewa kwetu. Tulikimbia naye tulipovamiwa, akiwalaani wavamizi kwa Kiganda kizuri kuliko chao. Lakini Masaka ilipotekwa na jeshi letu, sisi wajukuu tukishangilia, yeye alikataa kula. Ndugu zake walikuwa huko. Tulimwambia anawaonea huruma maadui. Nani alikuwa amemuuliza habari zao?

Mzee akaegemeza reki. Alitoa mfukoni akamwani zangu, akanimiminia kiganjani, akatafuna naye.

"Mwalimu, utani siukatai. Nakataa kutaniwa na mtu asiyejua nilichopoteza."

"Sasa najua."

"Sasa unajua. Na theluji ya nyuma ya nyumba bado."

Tukazunguka nyuma.

Jumapili, baada ya ibada, sebule ilijaa Waganda, Wakenya na Watanzania wachache. Mzee alisimama akasema amempokea Deo. Kisha akanigeukia, uso mkavu.

"Ng'ombe tutawarudisha, mkwe. Lakini kwanza tuletewe bati zetu. Na zisiwe na matundu, kama zile mlizotuachia."

Mkewe ndiye aliyecheka wa kwanza, mpaka akashika meza. Deo alinitazama kama anayeomba ruhusa, ndipo naye akacheka.

Nilirudi Bukoba wiki iliyofuata. Watu wananiuliza kama nilitetea nchi. Nawajibu kwamba nilikwangua theluji, na kwamba mtu anaweza kuipenda nchi yake na bado jirani anapopigwa akakosa hamu ya kula. Nilikuwa nimeshaona hilo kwa bibi yangu, ila sikulielewa.

Nawe ukipeleka posa kwa jirani mliyewahi kupigana naye, fanya hivi: kaa, pokea chai, muulize alipoteza nini, na usifungue kinywa mpaka amalize kujibu.