Mwiko wa bukari kwenye bastola ya baba

Nilianza na bujinga: nilichukua mwiko wa mama wa kuvurugia bukari, ugali wetu wa kila siku, nikaukata na musumeno bila kumuuliza muntu.

Baba iko mulinzi wa depo moja ya bidhaa mu mutaa wa Hewa Bora. Bastola ya kazi inanizidi miaka, na plastiki ya mushikio ilipasuka, ikawa inamukata kiganja. Shefu alishamuambia: asipopata mushikio mwingine, zamu itaenda kwa mwingine. Seremala wa jirani alimujaribisha mishikio miwili ya muti. Wa kwanza ulikuwa munene, kidole hakikufika mbele. Wa pili ulipakwa vernis, rangi ya kung'arisha muti, ukateleza na jasho.

Ndipo nikatoa vipande vyangu vya mwiko.

"Papa, mama anashika huu muti kila siku na hajatoka lengelenge."

"Mukono ya mama yako iko ngumu. Hata shavu yako inajua."

Seremala alivichonga, akavipiga musasa. Baba alitoa risasi zote, akafunga mushikio, akashika muda murefu.

"Huu unakaa."

Nyumbani mama aliangalia bastola, akaangalia sufuria.

"Muzuri," akasema. "Maji inachemuka. Kuja uvuruge bukari na bastola ya baba yako."